St. Martin kwa mara ya tatu: tulale kwa Wafaransa au kwa Waholanzi?

Januari hii tunarudi St. Martin kwa mara ya tatu. Kuhusu kisiwa hatuna mjadala. Theluji ya kwanza ilipoanguka hapa Minneapolis, Baba Neema alisimama dirishani na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akalitazama beleshi lililoegemea mlangoni, akasema, "Mama Neema, Januari hii atachota mwingine." Siku hiyo hiyo nikaanza kutafuta tiketi. Kilichotugombanisha wiki tatu nzima ni swali dogo tu: safari hii tulale upande gani?

Kwa asiyekijua, hiki ni kisiwa kimoja cha Karibea, cha kilomita za mraba kama 87, chenye serikali mbili. Kaskazini ni Saint-Martin ya Wafaransa, na mji wake mkuu ni Marigot. Kusini ni Sint Maarten, nchi yenye utawala wake ndani ya Ufalme wa Uholanzi tangu 10 Oktoba 2010, na mji wake mkuu ni Philipsburg. Waligawana kwa mkataba wa Concordia, tarehe 23 Machi 1648. Wenyeji watakusimulia kwamba Mfaransa na Mholanzi walipeana mgongo, kila mmoja akaanza kutembea akifuata pwani, na pale walipokutana ndipo mpaka ukapigwa. Mfaransa alikuwa amebeba mvinyo, Mholanzi pombe kali iitwayo jini, na pombe hiyo ikamlegeza magoti. Ndiyo maana Wafaransa wana kilomita za mraba 53 na Waholanzi 34. Ni ngano, lakini kila dereva wa teksi anayo.

Mpakani hakuna kizuizi wala askari wala mhuri. Kuna nguzo ya ukumbusho ya mwaka 1948, bendera, na lami inayobadilika rangi. Mimi ni wa Mombasa, mwenzangu ni wa Tanga, na harusi yetu ilivuka Lunga Lunga na Horohoro na masanduku yote yakafunguliwa hadi la kanga. Kupita mpaka bila hata kupunguza mwendo kulinishangaza kuliko bahari yenyewe.

Sasa mtu atauliza, kama kuvuka ni bure, kulala huku au kule kuna tofauti gani? Ipo. Bahati yetu ni kwamba safari ya kwanza, Februari 2020, tulikaa Simpson Bay kwa Waholanzi wiki nzima bila kuvuka hata mara moja. Ya pili, Januari 2024, tulilala Grand Case kwa Wafaransa. Kila upande tumeuonja peke yake.

Anza na pasi

Sababu ya kutovuka mwaka 2020 ni karatasi. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo Watanzania wengi hapa Marekani hukaa miaka na kadi ya kijani ya ukaazi mkononi na pasi yao ya nyumbani mfukoni. Baba Neema alikuwa mmoja wao. Upande wa Waholanzi, mwenye kibali halali cha ukaazi wa Marekani huingia kwa matembezi mafupi bila viza. Unajaza fomu yao mtandaoni kabla ya kupanda ndege, basi. Upande wa Wafaransa una sheria zake. Saint-Martin imo ndani ya Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen, lile eneo la Ulaya lenye viza moja, kwa hiyo hata viza ya Paris haikutoshi. Lazima viza iwe imetolewa kwa ajili ya eneo hilo.

Wapo wanaovuka tu kwa kuwa hakuna wa kuwauliza. Mume wangu si wa hivyo. Tulifika hadi kwenye ile nguzo, tukapiga picha, akageuza gari. Nilinuna hadi Philipsburg. Baadaye alichukua uraia wa Marekani na kuiaga pasi yake ya Tanzania kwa siku mbili za kimya, na ndipo Grand Case ikafunguka. Mimi Katiba ya Kenya ya 2010, inayoruhusu uraia wa nchi mbili, iliniokoa na maombolezo hayo.

Kwa hiyo kama pasi yako inahitaji viza, upande wa Waholanzi ndio mwepesi. Hata hivyo soma masharti ya ubalozi kabla ya kulipia hoteli, maana hubadilika, na kama unautaka upande wa Wafaransa peleka maombi mapema.

Bahari na upepo

Hali ya hewa haikusaidii kuchagua, kisiwa ni kimoja. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba, na kuanzia katikati ya Desemba hadi Aprili ni raha tupu: mchana nyuzi 28 au 29, usiku shuka moja inatosha. Upepo huvuma kutoka mashariki karibu kila siku, na mwezi wa Januari hupata nguvu. Aliyekulia pwani yetu ataujua mara moja. Ni kaskazi ile ile ya kwetu, ila haina majahazi.

Upepo huo ndio unaopanga fukwe. Zilizotazama Atlantiki, kama Orient Bay kwa Wafaransa na Dawn Beach kwa Waholanzi, zina mawimbi na mchanga wa kukurukia machoni. Zilizotazama magharibi na kusini hutulia. Lakini majira haya kuna jambo ambalo picha za hoteli hazionyeshi: dhoruba za mbali kaskazini mwa Atlantiki husukuma mawimbi marefu mpaka huku, nayo hupiga pwani ya kaskazini na ya magharibi. Mwaka 2024 yalitukuta Grand Case. Kwa siku mbili bahari ilikuja hadi ngazi za hoteli na ufuo ukabaki kama kamba ya kiatu. Siku kama hizo aliyelala kusini, tuseme Great Bay au Little Bay, huoga bila kujua kuna shida.

Kwa Waholanzi, ufuo wetu ni Mullet Bay, wenye mchanga mwororo na kivuli cha miti nyuma. Simpson Bay ni mrefu, unafaa kutembea alfajiri. Maho ndio maarufu duniani kwa sababu uko mwisho wa njia ya kurukia ndege. Ndege hupita juu ya kichwa chako ukadhani utazigusa matairi. Tulienda mara moja, tukacheka, tukala mchanga. Msishike ule uzio wakati ndege inaondoka: Julai 2017 mgeni mmoja alifariki alipotupwa na upepo wa injini.

Kwa Wafaransa kuna vitu viwili ambavyo kusini havipo. Cha kwanza ni Pinel, kisiwa kidogo unachovuka kwa mashua dakika chache kutoka Cul-de-Sac, maji ya magotini, samaki wanapita katikati ya miguu. Cha pili ni Happy Bay, ambayo haina barabara. Unaacha gari Friar's Bay na kutembea njia ya kilimani kama robo saa. Tulikaa pale asubuhi nzima na mbuzi watatu. Usiache simu wala mkoba ndani ya gari, popote pale kisiwani.

Na nimwonye anayeenda na mama mkwe: kwenye fukwe za Wafaransa wanawake wengi huota jua vifua wazi, bibi na mjukuu, na hakuna anayegeuza shingo. Baba Neema alisoma gazeti moja siku nzima.

Chakula

Hapa sitajifanya hakimu asiye na upande. Wafaransa wanashinda, na si kwa sababu ya hoteli zao za vitambaa vyeupe.

Grand Case ni barabara moja nyembamba inayofuata bahari. Katikati yake kuna mabanda ya mabati ambayo wenyeji huyaita lolo. Mapipa ya mafuta yamekatwa nusu yakawa majiko ya mkaa, na moshi unapanda tangu saa tano asubuhi. Kuna kuku, samaki mzima, kamba koche, mbavu za nguruwe kwa wanaokula, na kome wakubwa wa baharini waliopikwa mchuzi. Unachagua kwa kidole, kisha unachukua cha pembeni: ndizi, kachumbari ya kabichi, au wali uliopikwa pamoja na mbaazi.

Mbaazi! Siku ya kwanza niliiweka uma chini. Ndizo zile zile. Halafu mama wa jikoni akaniletea johnny cake, unga wa ngano uliokaangwa ukavimba, ambao ni mahamri yaliyosahau iliki. Sisi tuliokula mbaazi kwa mahamri kila Jumapili asubuhi tunaletewa mlo ule ule upande wa pili wa bahari, umebadilishwa mavazi tu. Kwenye soko la Marigot, ambalo huchangamka zaidi Jumatano na Jumamosi, nilikuta na shelisheli, stafeli na ukwaju. Yule mama aliponiuliza natoka wapi nikamwambia Kenya, alifikiri kidogo akasema, "Basi umerudi nyumbani kwa mlango wa nyuma." Kipande cha pili cha kuku hakulipisha.

Kisha kuna asubuhi. Duka la mikate la Wafaransa hufungua kabla jua halijakaza, na mkate mrefu wenye joto, siagi na kahawa hutosha watu wawili kwa pesa ndogo. Tukilala kusini, kuufuata mkate huo ni safari. Tukilala Grand Case ni kuvaa ndara tu. Na Jumanne jioni, kuanzia Januari hadi Aprili, barabara hiyo hufungwa kwa magari. Kunapigwa ngoma, watu wanacheza, na kila lolo inatoa meza nje.

Waholanzi wanalisha, usinielewe vibaya. Simpson Bay ina migahawa mingi, sahani za Kimarekani zinazotosha wawili, wahudumu wanaokuelewa upesi, na mingine hufungwa usiku sana. Philipsburg wanauza kileo chao cha guavaberry, tunda dogo la porini, kitamu kama dawa ya kikohozi ya utotoni. Lakini juma zima la 2020 nakumbuka milo miwili tu, na ya Grand Case naweza kukutajia yote saba.

Pesa, umeme, simu

Dola ya Marekani inapita pande zote mbili. Kwa Waholanzi bei huandikwa kwa dola na hapo hakuna hesabu. Wana sarafu yao, guilda ya Karibea iliyochukua nafasi ya guilda ya zamani tarehe 31 Machi 2025, dola moja kwa 1.79, ila mgeni huiona kwenye chenji tu. Kwa Wafaransa bei ni kwa euro. Migahawa mingi, hasa zile lolo, hukupokelea dola taslimu sawa kwa sawa na euro, yaani euro 20 unalipa dola 20. Ukitoa kadi, benki yako inakutoza kiwango chake. Kwa hiyo tunakwenda na noti ndogo ndogo. Bakshishi nayo: kwa Wafaransa huduma imo ndani ya bei, unaongeza kidogo ukipenda, kwa Waholanzi wanakutazama kama Marekani, ila angalia bili kwanza isije ikawa wamekwisha kuiongeza.

Umeme ndio unaochekesha. Kusini ni volti 110 na soketi za Kimarekani. Ukivuka nguzo ni volti 220 na soketi za Kifaransa. Kisiwa kimoja! Chaja za simu na kompyuta hazina neno, adapta inatosha. Vitu vyenye mota au vya joto vilivyotengenezwa kwa Marekani vinaungua, adapta au si adapta. Mwaka 2024 Baba Neema alichomeka mashine yake ya kunyolea ndevu, ikalia kama nyuki, ikatoa moshi, ikafa, yeye akiwa amenyoa shavu la kushoto. Tulimaliza usiku ule na ndevu nusu na asubuhi tukamtafuta kinyozi Marigot. Wasomaji wa Ufaransa au Ujerumani mambo yao ni kinyume: vifaa vyao vinaingia kaskazini bila adapta.

Hata simu zina nchi. Namba za kusini huanza na +1 721, za kaskazini +590, na kumpigia aliye ng'ambo ya nguzo ni simu ya kimataifa. Laini ya Ulaya hufanya kazi upande wa Wafaransa kama nyumbani, ndani ya masharti ya kampuni yako. Laini ya Marekani, uliza kwanza, kwa sababu ukikaa karibu na mpaka simu hurukia mnara wowote inaoupenda.

Na umeme wenyewe? Katikati ya 2024 upande wa Waholanzi ulipata mgao wa umeme, ule ule tunaoujua. Ukichagua nyumba ya kupanga kusini, uliza kama ina jenereta.

Barabara

Uwanja mkubwa wa ndege, Princess Juliana, uko kusini. Simpson Bay na Maho ni dakika chache kutoka hapo. Unashuka, baada ya nusu saa uko majini. Grand Case ni mwendo mfupi kwenye ramani, lakini njia nzima inapita Cole Bay na Marigot, na msimu wa wageni msongamano unaweza kula saa nzima. Tena kuna daraja la Simpson Bay, linaloinuliwa kwa saa maalumu ili mashua zenye milingoti ziingie kwenye wangwa. Likiinuka, zima injini ununue nazi. Wenyeji wanazo saa hizo kichwani kama saa za adhana. Zijue na wewe, hasa siku ya kuondoka.

Kuna vibasi vyenye jina la mwisho wa safari kwenye kioo cha mbele, navyo husimama ukipunga mkono. Mtu wa matatu na daladala hahitaji mafunzo. Usiku hupungua sana, kwa hiyo ukilala Grand Case kodi gari. Ukilala Simpson Bay unaweza kuishi bila gari siku tatu nne.

Kelele na kimya

Kasino zote ziko kusini. Madisko pia, na meli za kitalii hufunga Philipsburg. Siku ambayo meli ni nne kwa mpigo, Front Street, barabara yao ya maduka, haipitiki na vito vya dhahabu vinakuitia jina lako. Kaskazini hulala mapema, isipokuwa hizo Jumanne. Kaskazini pia ndiko kidonda cha kimbunga Irma cha 6 Septemba 2017 kinakoonekana zaidi. Kilikuwa cha daraja la tano, upepo wa kilomita kama 285 kwa saa. Waholanzi walijenga upesi. Kwa Wafaransa bado utapita kando ya hoteli isiyo na paa ambayo mti umeota chumbani. Wapo wageni wanaokerwa. Mimi hunifanya nipunguze sauti.

Mwaka 2024 tulisimama tena kwenye ile nguzo, safari hii tukielekea upande wa pili. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza maji alitueleza jambo ambalo kipeperushi hakina. Ufaransa ilifuta utumwa mwaka 1848, Uholanzi mwaka 1863. Kwa miaka kumi na mitano mpaka huu usio na ukuta ulitenganisha mtumwa na mtu huru, na watu wa mashamba ya kusini waliuvuka usiku kwa miguu, hadi mabwana wa kusini wakaanza kuwalipa wafanyakazi wao kabla sheria yao haijabadilika. Baba Neema, ambaye miaka minne kabla aligeuza gari pale pale kwa ajili ya viza, alinunua chupa mbili za maji na hatukuwa na kiu.

Nani alale wapi

Mara ya kwanza, siku nne au tano tu, hutaki gari, au pasi yako inahitaji viza: Simpson Bay, usisumbuke. Mnapenda usiku wenye muziki na meza za kamari: Maho. Mnaogopa mawimbi: kusini, karibu na Great Bay. Mmeshafika, mna wiki nzima, na mnachotaka ni kula, kutembea na kutosikia simu: Grand Case, au Friar's Bay kama mnapenda kimya zaidi. Orient Bay ni ya wale wanaotaka viti na miavuli imepangwa safu. 2024 tulilipa euro 25 kwa viti viwili na mwavuli, na upepo ukauchukua mwavuli.

Sisi tumeamua hivi: usiku tano Grand Case, ili Jumanne ituangukie katikati, kisha usiku mbili za mwisho Simpson Bay, tuamke karibu na uwanja wa ndege bila kuliwaza daraja. Ndiyo hoja ya Baba Neema, na niliikubali kwa sharti kwamba mkate wa asubuhi ya mwisho tununue kaskazini jioni yake. Neema anabaki kwa shangazi yake St. Paul. Adapta mbili ziko sandukuni. Mashine mpya ya kunyolea haimo. Anasema safari hii anafuga ndevu.